Baiskeli ya kawaida na baiskeli ya kukunja: msamiati na matumizi

Kata ya Morotonga imo katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, jirani na mji wa Mugumu ambao ni makao makuu ya wilaya hiyo. Huko, kama ilivyo katika wilaya jirani ya Tarime, baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha starehe. Hubeba madumu ya maji, magunia ya mahindi na mkaa, mwanafunzi anayewahi shule na mgonjwa anayepelekwa zahanati. Chombo kinachotumika kwa namna hiyo hujijengea lugha yake. Fundi aliyekaa chini ya mti na ndoo ya maji ya kutafutia pancha ana jina la kila kipande cha baiskeli, na ana kitenzi cha kila kinachoweza kukipata kipande hicho.

Lugha hiyo hukumbwa na mtihani pale chombo kipya kinapoingia. Baiskeli ya kukunja, yenye magurudumu madogo na bawaba katikati ya fremu, humfikia mfasiri kupitia vijitabu vya maelekezo na matangazo ya biashara. Mfasiri asiyejua lugha ya mafundi huunda maneno mapya ambayo hayaeleweki kwa muuzaji wala kwa mnunuzi. Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, haiko katika majina bali katika vitenzi. Kauli moja ikikosewa, maandishi huweza kumruhusu mtu apande baiskeli ambayo bawaba yake haijafungwa sawasawa. Makala haya yanaeleza majina na vitenzi vya baiskeli vilivyokwisha kuota mizizi katika Kiswahili, kisha yanaonyesha namna vinavyotosha kuielezea baiskeli ya kukunja bila kuleta utata.

Neno baiskeli na ngeli yake

Neno "baiskeli" limetoholewa kutoka Kiingereza. Tahajia iliyozoeleka katika Kiswahili sanifu ni "baiskeli". Umbo "baisikeli" hupatikana pia, na Zanzibar husikika "baskeli". Mfuatano wa konsonanti s na k si mgeni katika Kiswahili, kwani umo katika "askari" na "maskini". Kwa hiyo hapana haja ya kutia irabu kati yake.

Baiskeli imo katika ngeli ya I-ZI. Umbo la umoja na la wingi ni moja, na upatanisho ndio unaoonyesha idadi: "Baiskeli hii imeharibika", "Baiskeli hizi zimeharibika". Kivumishi hufuata ngeli hiyo: baiskeli mpya, baiskeli nyeusi, baiskeli ndefu, baiskeli mbili. Anayesema "baiskeli jipya" au "mabaiskeli" huwa amekusudia ukubwa au dharau, si wingi wa kawaida.

Mtu anayeiendesha huitwa "mwendesha baiskeli", wingi "waendesha baiskeli". Umbo hili halihitaji kiunganishi, kwa sababu kitenzi kilichomo ndani ya nomino bado kinabeba yambwa yake. Kikiongezwa kiambishi -ji, kiunganishi huhitajika: "mwendeshaji wa baiskeli". Maumbo yote mawili ni sahihi, lakini la kwanza ni jepesi zaidi na ndilo linalozoeleka katika habari za barabarani.

Majina ya aina za baiskeli

Baiskeli nyeusi ya chuma, yenye magurudumu ya inchi 28, kiti kipana na sehemu ya mzigo nyuma, mara nyingi haina jina la aina. Huitwa baiskeli, basi. Panapohitajika kuitofautisha, watu hutaja chapa. Raleigh ya Uingereza, Hero ya India na Phoenix ya China zimetumika sana Afrika ya Mashariki, na nchini Kenya baiskeli ya namna hii imepewa jina la nyoka, Black Mamba. Katika tafsiri ya jumla ni afadhali kuepuka chapa na kuandika "baiskeli ya kawaida" au, kwa kutegemea muktadha, "baiskeli ya mizigo".

Maneno "ya jadi" na "ya kienyeji" hayafai hapa. Katika Kiswahili cha leo "kienyeji" huleta picha ya kitu kilichozaliwa au kutengenezwa papo hapo, kama kuku wa kienyeji. Baiskeli iliyotoka kiwandani ng'ambo haiwi ya kienyeji kwa kuwa tu ni ya muundo wa zamani. "Ya jadi" nayo hubeba maana ya mila, na msomaji atatarajia kusikia habari za matambiko au ngoma.

Tofauti ya fremu ina majina yake. "Baiskeli ya kiume" ni ile yenye bomba la juu linaloanzia chini ya kiti hadi mbele. "Baiskeli ya kike" haina bomba hilo, au bomba lake limeinamishwa, ili mtu aliyevaa sketi, gauni au kanga aweze kupanda bila taabu. Majina haya hutaja muundo, wala hayamzuii yeyote kuitumia aina yoyote. Mfasiri anayetaka kueleza bila kutaja jinsia anaweza kuandika "baiskeli yenye fremu ya chini".

Aina nyingine ni "baiskeli ya gia", yaani yenye mnyororo unaohama kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine kubadili wepesi wa mwendo, na "baiskeli ya kukunja", inayozungumziwa zaidi hapa chini.

Vitenzi vya mwendo

Vitenzi vitano huwasumbua wanafunzi na watafsiri kuliko vingine.

Panda. Hutaja kitendo cha kukaa juu ya baiskeli, na kwa upana zaidi hutaja kusafiri nayo: "Alipanda baiskeli hadi Mugumu." Katika sentensi za maelekezo, ni bora kukiachia kitenzi hiki maana yake ya kwanza tu: "Kagua breki kabla ya kupanda."

Endesha. Ni kauli ya kutendesha ya "enda", na maana yake ni kukifanya chombo kiende. Hiki ndicho kitenzi cha jumla na kinachofaa zaidi katika maandishi rasmi.

Nyonga. Mwanafunzi anayejua kwamba kunyonga ni kukaba roho atashangaa kusoma "alinyonga baiskeli mchana kutwa". Hapa maana ni kukanyaga pedali kwa nguvu na kwa mfululizo. Kitenzi hiki kinafaa katika masimulizi, hasa panapotajwa mlima, mzigo au haraka. Katika kijitabu cha maelekezo hutumika "kanyaga pedali".

Kokota. Ni kutembea kwa miguu huku baiskeli ikishikwa usukani na kusogezwa kando: "Baada ya kupata pancha aliikokota baiskeli mpaka kwa fundi." Mlimani, kwenye mchanga au tope, mwenye mzigo mzito hukokota. "Sukuma" hutumika pia, lakini huelekeza zaidi kwa anayetia nguvu kutoka nyuma.

Pakia. Hutumika kwa mzigo na kwa mtu: "Alipakia magunia mawili", "Alimpakia mdogo wake nyuma". Anayeomba msaada wa usafiri husema "Nipakie". Watu wawili au zaidi wakipakiwa nyuma ya mwendeshaji mmoja, wa baiskeli au wa pikipiki, husemwa kwamba wamepakiwa "mshikaki", kwa mfano wa vipande vya nyama vilivyopangwa kwenye kijiti. Kinyume cha kupakia mzigo ni "pakua" au "shusha". Kwa kuwa "pakua" husikika sana katika habari za chakula, "shusha" huwa wazi zaidi barabarani.

Sehemu za baiskeli

Majina yafuatayo yanatosha kwa maelezo mengi ya kawaida. Herufi zilizo kwenye mabano huonyesha ngeli.

Fremu (I-ZI): kiunzi cha mabomba kinachoshikilia sehemu nyingine zote.

Usukani (U-ZI): chuma cha mbele kinachoshikwa kwa mikono miwili ili kuelekeza gurudumu. Neno hilohilo hutumika kwa gari na kwa chombo cha majini.

Gurudumu, tairi, ringi, tyubu: maneno haya si visawe. Gurudumu (LI-YA) ni duara lote. Ringi (I-ZI) ni duara la chuma la nje. Tairi (LI-YA) ni mpira mgumu unaogusa barabara. Tyubu (I-ZI), au mpira wa ndani, ndiyo inayotiwa upepo. Pancha huwa katika tyubu, kupasuka huweza kuwa kwa tairi, na kupinda huwa kwa ringi.

Spoku (I-ZI): njiti za chuma zinazotoka katikati ya gurudumu kwenda kwenye ringi. Gurudumu linapoyumba, husemwa kwamba "linacheza", na fundi hunyoosha ringi kwa kukaza spoku za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili.

Mnyororo (U-I) au cheni (I-ZI): maneno yote mawili ni sahihi, ila upatanisho usichanganywe. "Mnyororo umelegea", lakini "Cheni imelegea".

Pedali (I-ZI): hutamkwa pia "pedeli". Pedali ya kulia hukazwa kwa kufuata mwendo wa saa, na ya kushoto hukazwa kinyume cha mwendo wa saa. Anayeandika maelekezo asifupishe kwa kusema "kaza pedali zote kulia", kwa sababu atakuwa ameagiza ya kushoto ilegezwe.

Breki (I-ZI): baiskeli nyingi za zamani zina breki za vyuma, ambapo vyuma vyembamba huvuta mpira wa breki hadi kwenye ringi. Baiskeli ya kukunja huwa na breki za waya, kwa sababu waya hupinda pamoja na fremu inapokunjwa, na chuma hakipindi.

Madigadi: bamba linalozuia tope lisimrukie mwendeshaji. Neno hili lilikuja likiwa na silabi "ma" mwanzoni, na wasemaji wakalichukulia kuwa wingi. Hivyo ndivyo lilivyopatikana umbo la umoja "digadi": "Digadi la nyuma limevunjika, lakini madigadi yote mawili yanapatikana dukani." Jambo hilohilo liliipata "kiplefti", ambayo wingi wake umekuwa "viplefti". Huu si upotofu, bali ni ushahidi kwamba ngeli za Kiswahili huyameza maneno mageni na kuyapa mwili mpya.

Keria (I-ZI): chuma cha nyuma cha kubebea mzigo au mtu. Watafsiri hupenda kuandika "kibebeo cha nyuma" au "rafu ya mizigo". Msomaji ataelewa baada ya kufikiri, lakini akienda dukani ataomba keria. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa takriban kilo 20, na mtu anayefunga madumu manne hubebesha keria takriban kilo 80. Ndiyo maana keria ya baiskeli ya mizigo huimarishwa kwa kuchomelewa vyuma vya ziada.

Stendi (I-ZI): chuma cha kuisimamishia baiskeli. Panapokuwa na hatari ya kuchanganya na stendi ya mabasi, huandikwa "stendi ya baiskeli".

Vifaa na kauli ya kutendea

Vifaa vya baiskeli hutoa somo zuri la sarufi. Kiswahili hutaja kazi ya kifaa kwa kutumia kiunganishi cha -a, kitenzi-jina, na kauli ya kutendea:

pampu ya kujazia upepo
kiraka cha kuzibia pancha
spana ya kukazia nati
mpira wa kufungia mzigo
kufuli ya kufungia baiskeli

Kiambishi -i- au -e- cha kauli ya kutendea ndicho kinachoonyesha kwamba kitu kilichotajwa ni ala. Linganisha "mzigo wa kufunga" na "mpira wa kufungia". Mzigo ndio unaofungwa, na mpira ndio unaotumika kufunga. Katika maeneo mengi mpira huo hukatwa kutoka katika tyubu kuukuu, kwa hiyo kifaa cha kubebea mzigo huzaliwa kutokana na kipuri kilichokwisha kazi yake.

Kifaa chenye jina lake mahususi hakihitaji maelezo hayo. Kengele, taa na kikapu vinajitosheleza. Dainamo ni mashine ndogo inayogusa ubavu wa tairi, huzungushwa nalo na kuzalisha umeme wa taa. Kitu kinachorudisha mwanga wa gari usiku huitwa "kiakisi mwanga". Kofia ya kujikinga huitwa "helmeti" au "kofia ngumu".

Kitenzi "kunja" na baiskeli ya kukunja

Baiskeli ya kukunja huwa na magurudumu madogo, mara nyingi ya inchi 16 au 20. Fremu yake ina bawaba ili iweze kufupishwa na kubebwa mkononi, ndani ya basi au treni. Miongoni mwa zinazojulikana zaidi duniani ni Brompton, iliyobuniwa London na Andrew Ritchie katika miaka ya 1970, na Dahon, iliyoanzishwa na David Hon Marekani mwaka 1982. Ni chombo cha mtu anayeunganisha safari fupi ya baiskeli na safari ndefu ya gari. Kwenye barabara ya changarawe gurudumu dogo huzama katika mashimo ambayo gurudumu la inchi 28 huyavuka, kwa hiyo baiskeli hii haishiki nafasi ya ile ya mizigo. Kila moja ina kazi yake.

Jina "baiskeli ya kukunja" limefuata njia iliyokwisha kutengenezwa na "kiti cha kukunja" na "kitanda cha kukunja". Kitenzi-jina kiko katika kauli ya kutenda, lakini maana yake ni ya kitu kinachotendwa, kama ilivyo katika "maji ya kunywa". Kwa sababu hiyo "baiskeli ya kukunjwa" si lazima. Maelezo marefu zaidi yanaweza kuwa "baiskeli inayokunjika", yaani inayowezekana kukunjwa. Jaribio la kuunda kivumishi "kunjufu" lisifanywe, kwa kuwa "mkunjufu" ni mtu mwenye uso wa furaha na moyo mweupe.

Utata huanza kitenzi kinapowekwa katika wakati uliotimilika. Maumbo manne yafuatayo yanakaribiana kwa sauti lakini yanatofautiana sana kwa maana:

Imekunjwa: kuna mtu aliyeikunja kwa makusudi. Iko tayari kubebwa.
Imekunjika: iko katika hali ya kukunjika, bila kutajwa mtendaji. Kwa baiskeli, msikilizaji wa kawaida huelewa kwamba imepinda kwa ajali: "Aliligonga jiwe na ringi ikakunjika."
Imekunjuliwa: mtu ameifungua kutoka katika mkunjo. Iko tayari kwa hatua ya kukaza bawaba.
Imekunjuka: mkunjo umeachia wenyewe. Kwa baiskeli iliyobebwa, hii ni hitilafu.

Katika "kunjua", kiambishi -u- ni cha kauli ya kutendua, ambayo hubatilisha kitendo cha awali: funga na fungua, ziba na zibua, komea na komoa, kunja na kunjua. Herufi moja hugeuza agizo kuwa kinyume chake. Msomaji akiambiwa "Hakikisha baiskeli imekunjwa kabla ya kupanda", atacheka na kuelewa kwamba ni kosa. Lakini akiambiwa "Usipande ikiwa imekunjika", atatazama kama fremu imepinda, aone haijapinda, na apande huku bawaba iko wazi.

Kuna mtego mwingine. Katika kuelekezana njia, "kunja" humaanisha pia kugeukia upande fulani: "Ukifika kanisani, kunja kulia." Baiskeli nyingi za kukunja zina usukani unaolala ubavuni. Maelekezo yakisema "Kunja usukani kushoto", msomaji mmoja ataugeuza gurudumu lielekee kushoto, na mwingine ataulaza. Utata huu huondolewa kwa kutumia vitenzi viwili tofauti: "geuza usukani" kwa kubadili mwelekeo, na "laza usukani" kwa kuushusha. Kinyume cha "laza" hapa ni "simamisha".

Kwa kipande kinachoziba na kuachia mkunjo, Kiswahili kina maneno ya zamani yanayotosha kabisa. Kiungo kinachozunguka ni "bawaba", kama ya mlango. Kinachoizuia isifunguke ni "komeo". Kitenzi chake ni "komea". Kinyume chake, "komoa", kimezoeleka leo kwa maana ya kumtesa au kumwadhibu mtu, kwa hiyo "fungua komeo" ni salama zaidi.

Breki kufungwa, na mkono upi

"Funga breki" ni mfano wa pili wa utata wenye gharama. Kwa dereva na mwendesha baiskeli, maana yake ni kuzuia mwendo: "Alifunga breki ghafla." Kwa fundi, maana yake ni kuweka breki mahali pake: "Amefunga breki mpya." Tena, "breki imefunga" huweza kuwa lalamiko kwamba imegoma kuachia. Katika maelekezo, kila maana ipewe kitenzi chake: "shika breki" au "kamata breki" kwa kuzuia mwendo, "weka breki" kwa kazi ya ufundi, na "breki imegoma kuachia" kwa hitilafu.

Suala la kulia na kushoto haliwezi kuachiwa kamusi peke yake. Nchini Uingereza mkono wa breki wa kulia huwa wa gurudumu la mbele. Katika nchi nyingi za bara la Ulaya na Marekani, wa mbele huwa wa kushoto. Kijitabu kilichoandikwa kwa soko moja kikitafsiriwa neno kwa neno kwa soko lingine, humfanya mtu akamate breki ya mbele kwa nguvu akidhani ni ya nyuma, na mteremkoni hilo huweza kumrusha mbele ya usukani. Njia salama ni kuandika "mkono wa breki ya mbele" na "mkono wa breki ya nyuma", kisha kuthibitisha upande kwa kuikagua baiskeli yenyewe.

Vivyo hivyo kwa upande wa barabara. Tanzania, Kenya na Uganda vyombo hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupita kulia. Kiswahili kinasomwa pande zote mbili, na sentensi "Kaa upande wa kulia wa barabara" ni sahihi Bukavu na ni ya hatari Tarime. Panapokuwa na wasomaji wa nchi mbalimbali, huandikwa "Fuata upande unaopitwa na magari katika nchi yako".

Tofauti za mahali

Maneno ya baiskeli hubadilika kwa kadiri mtu anavyosafiri. Dar es Salaam "daladala" ni basi dogo la abiria, lakini Shinyanga na katika maeneo mengine ya Kanda ya Ziwa jina hilo limetumika kwa baiskeli inayobeba abiria kwa nauli. "Bodaboda" ilianza kama jina la baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu kutoka boda hadi boda. Leo neno hilo kwa kawaida humaanisha pikipiki ya abiria. Kwa hiyo anayetafsiri habari za miaka ya 1970 asidhani kwamba kila bodaboda ilikuwa na injini.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi na cha maeneo mengine ya Kongo, baiskeli huitwa "kinga". Katika Kiswahili sanifu "kinga" ni kizuizi cha madhara. Agizo "Usitoke bila kinga" litamfanya msomaji mmoja atafute kofia ngumu na mwingine atoe baiskeli ndani. Kwa maandishi yatakayosomwa huko, ni afadhali kutaja kifaa chenyewe: helmeti, glavu, viatu. Goma nako kuna "chukudu", chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kinachobeba mizigo mizito. Kwa kuwa hakina pedali wala mnyororo, kisitafsiriwe kuwa baiskeli ya mbao.

Mfano wa tafsiri

Aya ifuatayo imejengwa ili kukusanya makosa yaliyojadiliwa:

"Kunja usukani kulia na hakikisha baiskeli haijakunjika. Funga breki na bandika mzigo katika kibebeo cha nyuma. Usinyonge bila kinga."

Kila neno lililomo ni la Kiswahili, na sarufi haina kosa kubwa. Hata hivyo, mtu aliyeinunua baiskeli hiyo hawezi kujua kama auweke usukani wima au augeuze, kama fremu ikaguliwe kwa kupinda au kwa kufungwa, wala kama breki ziwekwe au zijaribiwe. Aya hiyohiyo ikiandikwa kwa lugha ya watumiaji huwa hivi:

"Kunjua fremu, kisha kaza komeo la bawaba mpaka lisicheze. Simamisha usukani na kaza komeo lake pia. Jaribu breki ya mbele na ya nyuma kabla ya kupanda. Funga mzigo kwenye keria kwa mpira, na usizidishe uzito uliotajwa. Vaa helmeti kila unapoendesha."

Aya ya pili ni ndefu zaidi, lakini haina neno lililoundwa kwa ajili yake. Kunjua, komeo na bawaba yametoka nyumbani na mlangoni. Keria, breki na mpira yametoka kwa fundi. Kilichofanywa na mwandishi ni kuchagua kitenzi kimoja kwa tendo moja na kukitumia hivyohivyo hadi mwisho.

Kwa mwalimu, zoezi linalofaa ni kuwapeleka wanafunzi kwa fundi wa baiskeli wakiwa na orodha ya sehemu 20 zisizo na majina, wakaandike majina na vitenzi wanavyovisikia, kisha warudi darasani kuvipanga katika ngeli na kauli zake. Kwa mfasiri, kipimo ni kusomea maelekezo mbele ya mtu aliyeishika baiskeli na kutazama mikono yake. Mikono ikisita, sentensi hiyo irudiwe kuandikwa.